Karoti kavu zinapauka zikiwa ghalani: utafiti wa ubora uanzie wapi?

Mkaushaji (mleta mada)

Habari zenu, wanajukwaa. Nasimamia ubora katika kiwanda kidogo cha kukausha mboga, na wakati huohuo naandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu kuboresha karoti kavu, zile zinazokatwa vipande vya duara na kuuzwa kwa watengenezaji wa supu za unga. Naomba ushauri mapema, kabla sijapoteza muda na kemikali za maabara, kwa sababu tatizo lenyewe linanichanganya.

Vipande vikitoka kwenye kikaushio huwa na rangi ya machungwa iliyokolea, na ukivikunja vinavunjika kwa mlio. Tunavifunga katika mifuko ya plastiki angavu na kuviweka ghalani. Baada ya wiki sita hadi nane, baadhi ya mikupuo huwa imepauka hadi kukaribia rangi ya nyasi kavu, na mfuko ukifunguliwa hutoka harufu tamu kama ya maua, ambayo karoti haina kabisa. Mikupuo mingine, iliyokaushwa wiki hiyohiyo na watu walewale, hukaa miezi mitatu bila badiliko la kusemwa. Kabla ya kukausha tunachovya vipande kwenye maji moto ya nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika tatu, kisha kikaushio tunakiweka nyuzi 65.

Msimamizi wangu wa masomo amependekeza nilinganishe joto la kukaushia, yaani nyuzi 55, 65 na 75, mkupuo mmoja kwa kila joto, na sampuli tatu kutoka kila mkupuo. Je, huo ndio mwanzo sahihi? Na kuna jambo la pili linalonitia aibu kidogo kuliuliza. Nilipeleka sampuli chache kupimwa beta-karotini, ile rangi ya machungwa ya karoti, na majibu yakaja kwamba karoti mbichi ina miligramu 8 katika gramu 100, na karoti kavu ina miligramu 40 katika gramu 100. Najua ukaushaji hauwezi kuongeza karotini mara tano, lakini sijui nilieleze vipi hilo katika andiko.

Mkemia wa Vyakula

Ndugu Mkaushaji, umetaja kwa kupita tu jambo ambalo kwangu mimi ndilo ushahidi mkubwa kuliko yote uliyoandika, nalo ni ile harufu ya maua. Beta-karotini ikishambuliwa na oksijeni hukatika, na mojawapo ya vipande vinavyobaki ni beta-ayononi, kiungo ambacho pia hupatikana katika maua na hutumiwa kutengenezea manukato. Pua hukitambua hata kikiwa kidogo mno, ingawa watu hutofautiana sana kwa kuzaliwa katika uwezo wa kukinusa, kwa hiyo usimpe mtu mmoja tu kazi ya kunusa mifuko yako yote. Maana yake ni kwamba kupauka na harufu ni tukio moja: karotini imeoksidishwa, na imeoksidishwa ghalani, kwa kuwa umesema mwenyewe kwamba vipande vinatoka kwenye kikaushio vikiwa na rangi nzuri. Joto la kukaushia linaweza kuwa na mchango wake, lakini haliwezi kueleza kwa nini mikupuo miwili iliyopitia joto lilelile iachane njia ghalani.

Mahali pa kwanza ambapo ningepachunguza ni kwenye maji moto. Tunachovya mboga ili kuua vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambavyo vinaendelea kufanya kazi polepole hata katika chakula kikavu, na karoti ina kimeng'enya kiitwacho peroksidasi cha kutosha. Somo hili lilipatikana kwa gharama: mboga zilizokaushwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zililalamikiwa mno kwa harufu ya nyasi na ladha mbaya, na kufikia Vita Kuu ya Pili kuzipitisha mboga kwenye joto la maji au mvuke kabla ya kukausha kulikuwa kumekuwa hatua ya kawaida. Peroksidasi hutumika kama kipimo kwa sababu inastahimili joto kuliko vimeng'enya vingi vinavyoharibu ubora. Ikiwa yenyewe imekufa, wenzake wamekwisha kutangulia.

Kipimo chenyewe ni rahisi na hakihitaji mashine. Toa kipande kwenye maji moto, kipoze haraka, kisha kikate katikati kwa wembe. Dondoshea sehemu iliyokatwa mmumunyo hafifu wa guayakoli, kemikali inayobadilika rangi peroksidasi ikiwa hai, halafu mmumunyo hafifu wa haidrojeni peroksaidi, na usubiri kwa dakika tatu hadi nne. Kama kimeng'enya kiko hai, utaona rangi ya kahawia yenye wekundu ikijitokeza. Tazama inajitokeza wapi. Mara nyingi ukingo wa kipande hubaki na rangi yake ya machungwa huku katikati pakichorwa doa la kahawia, na hapo unajua bila kuambiwa na mtu kwamba joto halikufika ndani. Rudia kipimo kesho yake kwa vipande vya mkupuo uleule, kwa sababu peroksidasi iliyopashwa joto kwa muda mfupi ina tabia ya kufufuka kwa kiasi fulani.

Naomba hata hivyo usiende kwenye upande wa pili wa kosa. Kuchovya kupita kiasi kunatoa sukari, madini na vitamini C na kuziacha kwenye maji, na kunalainisha kipande kiasi kwamba kikirudishiwa maji huwa kama uji. Unatafuta muda mfupi kabisa unaotosha.

Kuhusu karotini, huna sababu ya kuona aibu, kwani kosa hilo limo hata katika maandiko yaliyochapishwa. Kinachokuchanganya ni kwamba gramu 100 za karoti mbichi na gramu 100 za karoti kavu si karoti ileile. Tuchukulie karoti mbichi ina maji asilimia 88, na iliyokauka ina maji asilimia 8. Gramu 100 za karoti mbichi zina gramu 12 za vitu vikavu, na gramu hizo 12 zinakupa karoti kavu yenye uzito wa takriban gramu 13. Kama karoti kavu ina miligramu 40 katika kila gramu 100, basi zile gramu 13 zina miligramu 5.2. Ulianza na 8, umebaki na 5.2, kwa hiyo umehifadhi asilimia 65 na kupoteza asilimia 35. Hiyo ndiyo sentensi ya kuandika.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Watu wengi husahihisha kwa kugawanya kwa uzito mkavu peke yake, wakidhani wamemaliza. Lakini maji moto yanaondoa sukari, na sukari ni sehemu ya uzito mkavu. Ikiwa asilimia 10 ya vitu vikavu imeyeyukia kwenye maji, karotini ambayo haikupungua hata chembe itaonekana imeongezeka kwa asilimia 11 hivi, kwa kuwa kigawanyo ndicho kilichopungua. Dawa yake ni mizani: pima uzito wa karoti kabla ya kuchovya, baada ya kuchovya na baada ya kukausha, ili uweze kufuata miligramu zilezile kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mzee wa Mitambo

Nimesoma maelezo ya Mkemia nami nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila yeye anaitazama karoti akiwa maabara, mimi nimezitazama nikiwa nimesimama kando ya pipa. Ndugu Mkaushaji, unaposema nyuzi 95, ulipima lini? Nina hakika ulipima kabla ya kutumbukiza karoti.

Tufanye hesabu ya haraka. Ukiweka kilo 1 ya karoti yenye nyuzi 20 katika kilo 5 za maji ya nyuzi 95, na moto usiongeze chochote katika sekunde hizo za kwanza, mchanganyiko unatulia kwenye nyuzi 83 hivi. Ukiweka kilo hiyohiyo katika kilo 2 za maji, unatulia kwenye nyuzi 71. Moto utapandisha joto tena, bila shaka, lakini dakika tatu ni muda mfupi, na saa ya mfanyakazi imeanza kuhesabu tangu karoti ilipogusa maji. Kwenye daftari mikupuo yote miwili itaandikwa "nyuzi 95, dakika 3". Kwa karoti, hayo ni matibabu mawili tofauti kabisa.

Nakumbuka kiwanda kimoja nilichofanyia kazi ujanani, ambacho sitakitaja, ambako tulibadilisha wauzaji wa mbegu, tukabadilisha kikaushio, na hata tukamlaumu mlinzi wa ghala kwa kuacha mlango wazi, ilhali kila jioni vijana walikuwa wanajaza kapu mara mbili zaidi ili wawahi kwenda nyumbani. Mikupuo ya asubuhi ilikuwa mizuri. Ya jioni ilikuwa mibaya. Hakuna aliyekuwa ameandika saa.

Angalia pia unene wa vipande. Maji yanaposafiri kutoka ndani ya kipande kwa kujipenyeza polepole, muda wa kukauka hufuata mraba wa unene, wala haupandi sawa na unene wenyewe. Kipande cha milimita 5 kinadai takriban mara 2.8 ya muda wa kipande cha milimita 3, na joto nalo huingia kwa kanuni hiyohiyo kwenye maji moto. Kisu kikiwa butu au kimelegea, trei moja inabeba vipande vya milimita 3 na vya milimita 5 pamoja. Vyembamba vinaungua wakati vinene vinasubiri. Kabla hujalinganisha nyuzi 55 na 75, chukua vipande 50 bila kuchagua, uvipime unene kimoja kimoja, uone vimetawanyika kiasi gani. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na Mkemia. Mimi ningeanza na mfuko. Mfuko wa plastiki angavu unapitisha mwanga, na plastiki za kawaida zinapitisha oksijeni kuliko watu wanavyodhani, hata kama zinazuia unyevu vizuri. Unaweza kuua kila kimeng'enya katika karoti, lakini karotini haihitaji kimeng'enya ili ioksidishwe. Oksijeni na mwanga vinatosha. Weka karoti katika mfuko wenye tabaka la alumini, fukuza hewa kwa naitrojeni kama una uwezo huo, na nusu ya tatizo lako itakuwa imeondoka kabla hujaandika ukurasa wa kwanza.

Mkemia wa Vyakula

Mzee, shikamoo. Suala la mfuko nalikubali, na hesabu yako ya joto la maji nitaitumia kufundishia. Ila naomba niongeze neno moja kuhusu unyevu, kwa sababu nimeona mleta mada anafurahia kipande kinachovunjika kwa mlio.

Ni kweli kwamba chakula kikavu kinalindwa na uchache wa maji huru, yaani maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia. Kipimo hicho kikiwa chini ya 0.6 katika mizani ya 0 hadi 1, hakuna bakteria, hamira wala kuvu anayeweza kukua. Lakini kutokukua si kufa. Salmonella inaweza kuishi ndani ya chakula kikavu kwa miezi mingi, kwa hiyo maji ya kupozea vipande baada ya kuchovya yawe safi na yabadilishwe, la sivyo unarudisha kwa mkono wa kushoto kile ulichokiondoa kwa mkono wa kulia. Na uoksidishaji wa karotini haufuati kanuni ya "kikavu zaidi ndicho bora zaidi". Tabaka jembamba kabisa la maji linalong'ang'ania kwenye kuta za chakula linafanya kazi ya ngao. Ukikausha hadi hata hilo likaondoka, oksijeni inaifikia karotini kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo usishangae mkupuo uliokaushwa mno ukipauka mapema kuliko mwenzake wenye unyevu kidogo. Pima maji huru ya kila mkupuo siku ya kufunga, na uyaandike.

Kuhusu salfaiti, yaani chumvi za salfa zinazotumika kuhifadhi vyakula, najua kuna mtu atakuja kuzipendekeza. Zinalinda rangi ya karoti kavu vizuri sana, hilo halina ubishi, lakini baadhi ya watu wenye pumu hupata madhara, na katika masoko mengi ni lazima zitajwe kwenye lebo zikifikia miligramu 10 kwa kilo. Kama lengo la utafiti ni kuelewa chanzo, ningeziacha nje kabisa. Zitafunika tatizo na utabaki hujui lilikuwa nini.

Mtakwimu

Naomba nirudi kwenye mpango wa awali wa utafiti, kwa sababu nahofia mleta mada ataupokea ushauri huu wote mzuri na bado aishie na takwimu ambazo hazimwambii kitu.

Mkupuo mmoja kwa kila joto na sampuli tatu kutoka kila mkupuo si marudio matatu. Ni rudio moja lililopimwa mara tatu. Sampuli tatu kutoka trei moja zitafanana, bila shaka zitafanana, kwa kuwa zimetoka kwenye karoti zilezile, maji yaleyale na siku ileile. Zinakuonyesha jinsi mashine yako ya maabara inavyopima kwa uthabiti, lakini hazikuonyeshi hata kidogo jinsi mkupuo wa kesho utakavyokuwa. Na wewe mwenyewe umeshatuambia kwamba tofauti kubwa iko kati ya mkupuo na mkupuo. Ukilinganisha nyuzi 55 za Jumatatu na nyuzi 75 za Alhamisi, umelinganisha Jumatatu na Alhamisi pia, pamoja na ukomavu wa karoti, siku zilizokaa baada ya kuvunwa, na mtu aliyekuwa zamu.

Ninachopendekeza kinatokana na ubishi wa Mzee na Mkemia, ambao kwa bahati nzuri unaweza kuamuliwa kwa jaribio moja. Chukua mkupuo mmoja wa karoti mbichi, uchanganye vizuri, uugawe mafungu manne siku hiyohiyo. Mafungu mawili yachovywe kikamilifu, hadi kipimo cha guayakoli kisionyeshe rangi; mawili yachovywe kama mnavyofanya sasa kapu likiwa limejaa kupita kiasi. Katika kila jozi, fungu moja lifungwe kwenye mfuko angavu na jingine kwenye mfuko wa alumini. Rudia zoezi zima kwa mikupuo mitano, kila mmoja na siku yake. Utakuwa na mafungu 20, na kila ulinganisho utafanyika ndani ya mkupuo mmoja, hivyo tofauti za ukomavu na za siku zitajiondoa zenyewe.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba unajibu swali ambalo hakuna kati yenu aliyeliuliza. Huenda mfuko mzuri unasaidia karoti iliyochovywa vibaya kuliko inavyosaidia iliyochovywa vizuri, au kinyume chake. Mkijaribu kitu kimoja kimoja kwa zamu hamtaliona jambo hilo kamwe. Msimamo wa trei ndani ya kikaushio nao upangwe kwa kura, kwani trei iliyo karibu na mlango wa hewa moto hukauka kabla ya zile za mbali, na mkizoea kuweka fungu fulani juu daima mtakuwa mnapima rafu, si matibabu.

Kwa rangi, tumia kipima rangi kinachotoa namba za mfumo wa CIE (Tume ya Kimataifa ya Mwangaza) wa mwaka 1976, ambao unatenganisha mwangaza, wekundu na umanjano. Macho ya mtu huchoka na hubadilika kulingana na taa. Kwa harufu na ladha, jaribio la pembetatu linatosha: mwonjaji anapewa sampuli tatu, mbili zinafanana, naye anatafuta iliyo tofauti. Kwa kubahatisha tu, mmoja kati ya watatu atapatia, kwa hiyo ukiwa na waonjaji 24 unahitaji angalau 13 wapatie ndipo uweze kudai, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5, kwamba tofauti ipo. Waonjaji 12 kati ya 24 ni nusu nzima na huonekana kama ushindi, lakini hawatoshi.

Mkaushaji (mleta mada)

Ahsanteni sana nyote. Nimesubiri siku tano kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Mzee, ulikuwa na haki. Nilisimama kando ya pipa na kipimajoto tangu kapu la kwanza hadi la mwisho. Kapu la kwanza la asubuhi lilikuta maji yakiwa na nyuzi 95, yakashuka hadi 84, na yakarejea juu ya 90 kabla ya dakika tatu kwisha. Kapu la tano halikusubiri maji yapande. Lilitumbukizwa yakiwa nyuzi 87, likiwa limejaa hadi vipande vya juu vinaelea nje ya maji, na joto likaanguka hadi 72. Lilipotolewa maji yalikuwa hayajafika hata 80. Kwenye daftari, kama ulivyotabiri, makapu yote mawili yana maandishi yaleyale.

Nilichukua vipande kumi kutoka kila kapu nikavifanyia kipimo cha guayakoli. Vya kapu la kwanza vilibaki safi, isipokuwa kimoja kilichokuwa kinene kuliko wenzake, ambacho kilitokeza alama ndogo katikati. Vya kapu la tano vilianza kubadilika nikiwa bado nimeshika chupa: kwanza kiini, kisha rangi ikasambaa kuelekea ukingoni, na kabla ya dakika mbili kila kipande kilikuwa na duara la kahawia lenye ukingo mwembamba wa machungwa. Nilimwita msimamizi wa zamu aje aone. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza kama makapu yote ya alasiri huwa hivyo.

Unene nao niliupima. Katika vipande 50, chembamba kabisa kilikuwa na milimita 2.6 na kinene kabisa milimita 5.4. Kisu kimepelekwa kunolewa.

Nimeonana na msimamizi wangu wa masomo na amekubali mpango wa mafungu manne kwa mikupuo mitano, ingawa ameniomba nibakize nyuzi 65 kwa yote na kuliacha suala la joto la kukaushia kwa andiko lingine. Nina maswali mawili tu yaliyobaki. Kwanza, je, nihifadhi sampuli ghalani kwa joto la kawaida peke yake, au nitumie pia joto la juu ili nipate majibu mapema? Pili, kuna mahali nimesoma kwamba kuchovya kwanza katika maji ya nyuzi 60 kunafanya karoti iwe imara zaidi ikirudishiwa maji. Je, niliingize hilo?

Mkemia wa Vyakula

Hongera kwa kazi nzuri. La pili kwanza. Ni kweli: karibu na nyuzi 60 hadi 65 kuna kimeng'enya kiitwacho pektini methilesterasi ambacho huchangamka badala ya kufa. Hubadilisha pektini, ile gundi asilia iliyo kwenye kuta za seli, ili iweze kushikana na kalisiamu, na kuta hizo zinastahimili joto kali linalofuata. Lakini hatua hiyo hudai nusu saa au zaidi, na muda wote huo sukari inatoka na peroksidasi iko hai. Ni utafiti mzuri, ila ni utafiti mwingine. Ukiuingiza humu mafungu manne yatakuwa manane, na mleta mada hatalala.

Kuhusu joto la juu, liweke kama nyongeza, lisiwe mbadala. Uharibifu unaotokea nyuzi 45 unaweza kuwa wa aina nyingine. Karoti ina sukari na amino asidi, na joto likipanda kahawia itokanayo na hizo mbili inaweza kuipita karotini mbio. Utaona rangi imebadilika ukadhani umeharakisha tatizo lako, kumbe umeanzisha jingine.

Mzee wa Mitambo

Nami naongeza dogo. Siku ya kufunga, toa kiasi kutoka kila fungu, kifunge kwenye alumini bila hewa na ukiweke kwenye jokofu la kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Hicho ndicho kitakuwa sifuri yako ya kulinganishia miezi mitatu baadaye, hasa kipima rangi kikibadilishwa betri au maabara ikibadilisha mtu. Na kwenye daftari la pipa ongeza safu mbili: uzito wa kapu, na joto la maji dakika moja baada ya kutumbukiza. Ile safu ya zamani ya nyuzi 95 iache ilivyo, vijana wameizoea.

Mkaushaji (mleta mada)

Safu zimeongezwa leo asubuhi. Kapu la kwanza: kilo 8, nyuzi 86. Mkupuo wa kwanza wa jaribio unaanza Jumatatu, nami nitaleta namba za rangi hapahapa mwezi wa kwanza wa ghala utakapokamilika.